Mifuko ya usukani wa baiskeli kwa safari za kilomita 200 wakati wa winta: nimeitumia miezi minne, haya ndo niliyoyaona

Kwa wale wasiopenda maneno mengi naanza na jibu: mifuko ya usukani (ile ya kuingiza mikono isipigwe na baridi) nunua, ila usinunue hii niliyonunua mimi. Haya sasa tuongee.

Mi ni mtu wa Njombe, naishi Cambridge huku Uingereza, na kila nikilalamika baridi kuna mtu ataniambia aah wewe si wa Njombe bana, umezoea. Hapana aisee. Baridi ya Njombe mwezi wa saba inakung'ata asubuhi lakini ikifika saa nne jua limetoka, unavua sweta unalifunga kiunoni. Huku mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa mbili asubuhi, saa kumi kasorobo jioni lishazama, na hata likiwa juu ni la mapambo tu, halipashi kitu.

Sasa kwa nini mtu mzima mwenye akili zake anaendesha baiskeli kilomita 200 kwenye hali hiyo? Kuna chama hapa cha waendesha baiskeli wa safari ndefu kinaitwa Audax UK, wana kitu chao cha Randonneur Round the Year, yani unapiga kilomita 200 au zaidi kila mwezi, miezi 12 mfululizo. Ukiruka mwezi mmoja tu unarudi sifuri. Muda wa 200 ni masaa 13 na nusu, kula humo humo, pancha humo humo, kujisaidia humo humo. Sio mashindano, hakuna mshindi wala hela, na kibeji chenyewe ukimaliza unajinunulia. Mama aliponiuliza kwenye simu "baba, kwani gari limeharibika?" sikuwa na jibu la maana.

Njia yangu ni ile ile, Cambridge mpaka Hunstanton baharini na kurudi. Unapita Ely, Downham Market, King's Lynn, nchi yote tambarare kama meza, ardhi ya kinamasi iliyokaushwa na mifereji zamani wakalima viazi na beti za sukari (mizizi inayotengenezewa sukari). Mlima hakuna. Ila upepo upo, na upepo wa kule mara nyingi unatoka kusini magharibi, maana yake unakusukuma vizuri asubuhi unajiona bingwa, afu kurudi kilomita mia unaulipia na riba, giza limeingia na miguu imekwisha.

Winta iliyopita niliishia King's Lynn, mwezi wa kwanza. Nilikuwa na miezi minne mkononi tayari. Nimetoka Hunstanton na mvua ya barafubarafu, glovu zangu za pauni 70 zilizoandikwa waterproof zimelowa mpaka ndani, vidole vikaanza kuuma, afu vikaacha kuuma, hapo ndo nikaogopa. Breki nikawa nafunga kwa kuvuta na kiganja kizima kama mtoto. Nikaingia stesheni ya treni, nashindwa hata kufungua kishikizo cha helmeti, nikamwomba bibi mmoja aliyekuwa anasubiri treni anifungulie. Akanifungulia, akanifuta na kamasi puani kwa kitambaa chake, hakusema kitu. Nikapanda treni ya Cambridge. Hesabu ikarudi sifuri.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba glovu nene sio dawa. Mwili ukiona baridi unabana damu, inabaki kifuani na tumboni, vidole vinaachwa vijitegemee. Ukiongeza upepo ndo basi, kama hali ya hewa ni nyuzi sifuri na wewe unakata upepo wa kilomita 25 kwa saa, ngozi inasikia kama uko nyuzi sita chini ya sifuri. Glovu nene inakufanya utoke jasho ukiwa unakanyaga kwa nguvu, ukipunguza mwendo jasho linageuka maji baridi, afu mkono uko ndani ya sponji. Na gia huzisikii, unabonyeza moja zinaingia mbili.

Mifuko ya usukani ni kitu kingine kabisa. Haivaliwi mkononi, inafungwa kwenye baiskeli yenyewe, inafunika usukani pamoja na breki na gia, wewe unaingiza mikono humo kama unaingiza mfukoni. Mara ya kwanza kuiona mtandaoni nilicheka peke yangu kwa sababu hii kitu naijua tangu utotoni! Bodaboda wa Njombe wanayo, zile za ngozi au turubai wanashonesha kwa fundi, wanafunga kwenye usukani wa pikipiki asubuhi ya baridi, wengine wanakata hata dumu. Tulikuwa tunawacheka. Kumbe tulikuwa tunacheka wataalamu.

Nikaagiza pea moja, pauni 38, ya neoprini, lile raba la nguo za wapiga mbizi, ya usukani uliojipinda kama pembe za kondoo maana ndo ninao. Jina la kampuni silitaji, utaona mbele kwa nini.

Kwanza mazuri yake, maana ni makubwa. Safari ya mwezi wa kumi na mbili niliondoka saa kumi na mbili asubuhi giza totoro, nyuzi moja. Ndani ya mifuko nilivaa glovu nyembamba tu za pamba, zile za kukimbilia. Dakika kumi za kwanza mikono ni ya baridi, usidanganyike kwamba inapasha, haipashi, inazuia upepo tu na kutunza joto lako mwenyewe. Ila nafika Ely, lile kanisa kubwa linatokea kwenye ukungu juu ya kilima (wenyewe wanaliita meli ya kinamasi na kweli asubuhi ile lilikuwa linaelea), mikono ya moto kabisa, mpaka glovu nikavua. Kiganja kitupu kwenye nyuzi moja! Nabonyeza gia nazisikia vidoleni, nafungua chapati kwa vidole vyangu mwenyewe. Ukishawahi kufunguliwa helmeti na bibi wa watu utaelewa raha ya kufungua chapati.

Kuhusu chapati kidogo, beba chapati. Imepakwa siagi ya karanga, imekunjwa, inakaa humo humo ndani ya mfuko wa usukani kwenye kona ya mbele, inabaki laini. Zile baa za nishati za dukani zikipata baridi zinakuwa tofali, jino langu moja linajua.

Sasa mabaya.

La kwanza, ukishaingiza mikono umefungwa sehemu moja. Usukani wa kujipinda raha yake ni kubadilisha mshiko, juu, kati, chini, sasa hii inakuruhusu mshiko mmoja tu wa juu ya breki. Kwa 50 sawa. Kwa 200, na upepo wa kurudi unataka ujikunje chini, mabega yananiuma mpaka jumatano.

La pili ndo lililonitisha. Mwezi wa kwanza, nje kidogo ya Downham Market, barabara inafuata mto, nikakanyaga ile barafu nyembamba isiyoonekana, lami inaonekana imelowa tu kumbe ni kioo. Tairi la mbele likaondoka. Kawaida ukianguka mkono unatoka wenyewe kujikinga, hapa mkono wa kulia ukachelewa, mdomo wa mfuko umebana pale kwenye kifundo, nikatua na kiwiko na nyonga. Sikuvunjika kitu, nashukuru Mungu, mwendo ulikuwa mdogo. Lakini nilikaa pale chini nikiangalia lori la beti linapita kuelekea kiwandani Wissington na nikawaza sana. Toka siku ile kamba ya mdomoni siikazi, naiacha wazi, baridi kidogo inaingia, iingie tu. Na sikuhizi kama usiku umegandisha siendi, nasubiri wikendi nyingine, ndo maana usipange safari yako mwisho wa mwezi. Au weka matairi yenye misumari, mazito na yana kelele kama unakaanga bisi, lakini barafu yanaing'ata.

La tatu mvua. Mwezi wa pili imenyesha kuanzia King's Lynn mpaka nyumbani. Neoprini ikilowa bado inatunza joto, hapo sina neno, lakini nikisimama kunywa chai nikaegemeza baiskeli ukutani, mdomo wa mfuko unaangalia juu, maji yanaingia kama kwenye ndoo. Narudi naingiza mkono, chubwi. Dawa nimeipata, mfuko wa rambo kila upande ukisimama. Sura ya baiskeli yangu nje ya mgahawa usiniulize.

Afu mshono. Mfuko wa kulia ulifumuka safari ya tatu, uwazi wa vidole viwili kabisa upande wa upepo. Nikawaandikia walioniuzia, wakajibu baada ya siku kumi na moja kwamba nitume picha, nikatuma, wakasema hiyo ni uchakavu wa kawaida. Safari tatu! Nikawauliza kawaida ya nani, hawajajibu mpaka leo. Nimeshona mwenyewe kwa uzi wa kuvulia samaki na sindano ya magunia niliyotoka nayo nyumbani, mshono wangu bado umeshika mpaka leo, wa kwao umeshindwa safari tatu.

Vitu vingine kwa haraka maana najua mtauliza. Madigadi marefu weka, sio kwa ajili yako tu, na kwa ajili ya anayekufuata nyuma. Taa natumia dainamo ya kwenye habu ya tairi, sio ile ya zamani ya kukwaruza tairi kama kwenye Phoenix ya babu, hii haina kelele na haiishi chaji, na kwenye safari yenye masaa matano ya giza hilo sio anasa. Simu iweke kifuani karibu na mwili, baridi inaua betri. Cheni oshea siku hiyo hiyo hata kama umekufa kwa uchovu, wanamwaga chumvi barabarani na chumvi haisubiri. Miguu bado sijapata jibu, nimejaribu karibu kila kitu, kwa sasa naomba tu.

Kwa ujumla: wazo lenyewe nyota tano, hii bidhaa nyota tatu, wauzaji sifuri. Lakini hesabu yangu imefika sita, na winta ndo inaishia.

Juzi nilimtumia mama picha ya baiskeli na mifuko yake. Akaenda nayo kijiweni akamwonyesha kijana wa bodaboda anayempelekaga sokoni. Kijana akanipigia video, akaniambia kaka geuza kamera nione mshono, nikageuza, akatikisa kichwa. Akauliza shilingi ngapi hiyo. Nikapiga hesabu, laki na ishirini na kitu. Kikawa kimya kidogo, afu nikasikia kijiwe kizima kinacheka. Fundi wao anashona pea ya ngozi kwa elfu kumi na tano, na mdomo ameuweka mpana mkono utoke haraka, kwa sababu wao wanaanguka kwenye tope kila masika. Nimeshamtumia hela. Kipimo cha usukani nimekichora kwenye karatasi nikapiga picha, ameniuliza hizo pembe za kondoo ni za nini.