Seti ya kurekodia usaili wa uigizaji nyumbani: inamfaa kijana aliyezoea jukwaa?

Stendi ya miguu mitatu, taa ya duara, maiki ya kubana kwenye kola na kitambaa cha kijani: seti hizi hunadiwa kama njia ya kumtoa mtoto jukwaani hadi kwenye skrini. Chenye thamani zaidi ni stendi, mradi ifike mita 1.5 bila kuyumba. Simu ikishuka chini ya usawa wa macho, kinachoonekana ni kidevu na matundu ya pua.

Taa ikiwekwa mbele moja kwa moja huacha viduara vyeupe kwenye mboni, na kwa mwenye miwani ni balaa. Isogezwe pembeni, kama nyuzi 45, juu kidogo ya kichwa.

Kwenye maiki ndipo waliokulia jukwaani huumbuka. Sauti iliyozoea kufika safu ya mwisho hukwaruza rekodi papo hapo. Punguza kiwango cha sauti kwenye programu, kisha msomaji wa mistari ya mhusika mwingine asimame ubavuni mwa lenzi na kijana aongee naye yeye tu. Simu ilazwe kwa ubavu kwenye stendi, picha iwe pana, fremu ianzie kifuani. Kwa ukaribu huo nyusi zikipanda kidogo tu zinaonekana. Mikono ya jukwaani haina kazi.

Kitambaa cha kijani kibaki kwenye boksi, maana rangi yake huakisi shingoni. Ukuta mtupu wa kijivu unatosha. Kama stendi na maiki vinauzwa peke yake, nunua hivyo viwili.