Miezi saba na prednisoloni: miguu imepona, uso umejaa

Madoa yalianza kwenye vifundo vya miguu, mekundu mithili ya kuumwa na mbu, kisha yakapanda hadi magotini na kugeuka zambarau. Zahanati ya kwanza waliniambia ni mzio wa samaki. Wiki mbili nikakaa bila samaki, hapa hapa kisiwani Amu! Vidonda vikafunguka vivyo hivyo. Mama akanitengenezea kombe, yale maji ya aya za Kurani, nikanywa, sikatai.

Aliyeujua ugonjwa ni daktari wa ngozi kule Mombasa. Alitwaa gilasi akaibana juu ya doa, nalo halikufifia. Damu imeshavuja nje ya mishipa, akasema, kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia mishipa yenyewe. Wenyewe wanauita vaskulaitisi. Kipande cha ngozi kikakatwa kikapelekwa maabara, na mkojo ukapimwa, maana ugonjwa huu huweza kuingia kwenye figo na usihisi kitu. Zangu zilikuwa salama, alhamdulillahi.

Basi nikapewa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza kinga ya mwili: vidonge vinane vya miligramu 5 kwa mpigo, asubuhi baada ya kula. Siku ya nne madoa mapya yalikoma. Vidonda vilichukua wiki sita. Kwa hilo sina la kuilaumu, na bei yake haifikii nauli ya boti na basi ya kwenda kuonwa.

Ila njaa yake! Mahamri sita tumboni na bado naitazama sahani ya mwenzangu. Usingizi ulinipaa, nikawa nashona kofia saa nane za usiku. Uso ukajaa hadi wifi yangu akauliza kama nina mimba. Chumvi marufuku, kwa hiyo ng'onda na achari nilivisikia harufu tu. Ramadhani nilikula mchana nimejifungia chumbani, na siku zote hizo bado nazidaiwa.

Kosa langu kubwa: nilipoona miguu safi, niliacha dawa ghafla. Siku ya tatu nilishindwa kuinuka kitandani. Kumbe tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimelala, dawa ikizifanyia kazi yao. Nikarudishiwa, nikaongezewa azathioprini, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ambayo hutaka damu ipimwe mara kwa mara, kisha tukawa tunapunguza kidonge kimoja kila wiki mbili.

Sasa nimebakiza kimoja kwa siku. Makovu meusi yapo, buibui unayasitiri. Nikisimama sana jetini Mokowe vifundo huvimba, kwa hiyo siku hizi sioni haya kumwomba kijana anipishe nikae.