Operesheni ya nyonga au ya mguu, ipi inapona vizuri?

Watu wengi wanaogopa operesheni ya nyonga kuliko ile ya mguu ya kuondoa kinundu, yaani mfupa unaojitokeza pembeni ya kidole gumba, na mi naona wanaogopa kinyume. Kubadilishiwa nyonga ni kazi kubwa kweli, unakatiwa kichwa cha mfupa wa paja unawekewa cha bandia, lakini mara nyingi siku hiyohiyo au kesho yake unasimamishwa na magongo, na yale maumivu ya zamani yaliyokuwa yanakunyima usingizi kwa wengi yanaisha kabisa. Zaidi ya nusu ya nyonga hizo zinafika miaka 25. Hatari zipo, damu kuganda mguuni, maambukizi, nyonga kuchomoka, ndo maana utaambiwa usikunje sana hiyo paja mwanzoni.

Sasa kile kinundu cha kidole gumba cha mguu, watu wanasema aah kidogo tu hicho. Kidogo wapi! Baada ya operesheni, wiki kama 6 uko na kiatu maalum, uvimbe unaweza kukaa miezi 6 hata mwaka, kidole kinaweza kukakamaa, na kwa baadhi kinundu kinarudi tena. Kama unataka tu kuvaa viatu vyembamba, bora uache hiyo operesheni.