Mazoezi ya Tiba kwa Mtoto: Kliniki au Nyumbani?

Kliniki ina vifaa: mpira mkubwa wa mazoezi, bembea, vyuma vya kushikilia anayejifunza kutembea. Mtoto aliyechelewa kukaa au kusimama ningeanza naye huko, maana mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, lazima kwanza apime vizuri misuli na viungo vyake. Ubaya wake? Mtoto akifika amechoka na safari, nusu ya muda inaishia kwenye kilio.

Nyumbani hakuna bembea, lakini kuna kijiko chake mwenyewe. Mtaalamu akija anaona mtoto anavyokishika, kinavyopinduka kabla hakijafika mdomoni, kisha anaviringisha kitambaa kwenye mpini ili uwe mnene, vidole vipate kuukamata. Mtoto huyo huyo kliniki huenda asingekigusa kabisa. Kwenye usemi pia, neno huja upesi mtoto anapoomba kitu anachokitaka kweli. Ila televisheni izimwe, na shangazi asimjibie!

Wiki ina saa 168. Mtaalamu hupata moja au mbili tu. Ndiyo maana, baada ya vipimo, naegemea nyumbani, mradi mzazi akae hapo hapo aangalie mikono ya mtaalamu inavyofanya, asikimbilie jikoni.