Mashine ya mkono ya kumenya kahawa, ya ngoma moja: inamfaa nani?

Kwa mkulima wa arabika wa Kilimanjaro, Mbozi au Mbinga ambaye kituo cha pamoja cha kumenyea kiko mbali, mashine hii bado ni chombo kizuri. Juu kuna bakuli la kumiminia, chini yake ngoma iliyovikwa bati la shaba lenye vinundu, na mbele ya ngoma bamba la chuma. Vinundu hukokota tunda, bamba hulibana, buni zikachomoka upande mmoja na maganda yakaenda upande wa pili. Wa Kagera wanaoanika robusta na maganda yake hawana haja nayo.

Dukani, rangi isikudanganye. Zungusha ngoma tupu uchungulie mwanya kati yake na bamba: ulingane kutoka ncha hadi ncha. Ngoma inayoyumba haiponi kwa skrubu za kurekebisha mwanya. Itabana huku na kulegea kule.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba haivumilii mchanganyiko. Mwanya ni mmoja, na miche chotara ya TaCRI Lyamungu, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, ikivunwa pamoja na mibuni ya zamani ya aina ya N39, mara nyingi punje hazilingani. Menya kila aina kivyake. Mbichi ndizo mbaya zaidi, maana hazimenyeki, zinapondwa.

Kurekebisha: legeza kwanza, menya konzi chache, kisha tazama kinachotoka. Matunda yakipita mazima, mwanya ni mpana. Buni zikitoka zimechanika, umebana mno. Geuza skrubu zote mbili kwa kiasi sawa, kidogo kidogo. Ukilazimika kukosea, afadhali maganda machache yafuatane na buni, kwa kuwa hayo utayaokota au kuyaelesha wakati wa kuosha. Buni iliyokatwa haina dawa: vimelea huingia kwenye jeraha wakati wa kuvundika, buni hubadilika rangi, na mwonjaji ataigundua kikombeni.

Uwezo kwa saa anaoutaja muuzaji ni wa kahawa iliyoiva sawasawa, maji yasiyokatika na mzungushaji asiyechoka. Pima kwa mavuno yako ya siku moja, kwani kahawa inapaswa kumenywa siku ile ile iliyochumwa. Kilo 100 za mbivu huacha takriban kilo 20 za kahawa kavu yenye ganda la ndani.

Kabla ya kumenya, loweka kahawa mbivu kwenye ndoo. Zinazoelea zianikwe kando. Zilizozama zichotwe kwa mkono, si kumiminwa, kwa sababu mawe yamelala chini yake na shaba ni laini. Kokoto moja yatosha kulaza vinundu.

Jioni ioshe hadi nyuma ya bamba. Buni iliyonasa huko usiku kucha huoza na kuharibu mavuno ya kesho. Grisi iishie kwenye beringi. Na bati la akiba linunuliwe pamoja na mashine, maana ndilo huisha kwanza.