Pochi ya mtandaoni kwa sisi tunaoishi kwa msimu: uzoefu wangu, Moshi

Napandisha wageni Kilimanjaro. Wateja wangu binafsi wengi ni walimu wa Ujerumani na Uingereza, kwa hiyo kazi yangu iko Julai hadi Septemba, shule zao zikifungwa. Malipo ya awali nayapokea kwenye pochi ya kampuni moja ya nje. PayPal haikunifaa, maana akaunti ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia, si ya kupokelea.

Kwenye kupokea, sina lawama. Fedha inaingia haraka na makato yanaonekana wazi. Ila kuzihamishia benki hapa mjini kuna ada ambayo haipungui hata ukitoa kidogo, ndiyo maana wengi wetu tunaziacha humo zikusanyike. Na hapo ndipo kifungu cha akaunti iliyolala kinapotukuta.

Masharti yao yanasema akaunti ikikaa miezi sita bila muamala, wanaanza kukata ada kila mwezi kwenye salio. Niliwauliza huduma kwa wateja: muamala kwenu ni upi? Wakajibu kwamba kuingia na kutazama salio hakuhesabiwi. Kupokea fedha nako hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni wewe mwenyewe kutoa, kutuma, kulipa au kubadilisha sarafu. Yaani mgeni anaweza kukutumia malipo ya awali mwezi wa tatu, ukayaona, ukamjibu asante, na kwa kampuni bado umelala.

PayPal ya Uingereza nayo ilianzisha ada ya namna hii Desemba 2020: pauni 12 kwa mwaka kwa akaunti ambayo mwenyewe hajaingia kwa miezi 12. Siipendi hata hiyo, lakini angalau kuingia tu kunatosha, na salio likiwa chini ya pauni 12 wanachukua lililopo bila kukuachia deni.

Mwenzangu mmoja wa Marangu aliumia goti, akakaa nyumbani msimu mzima. Alipofungua tena pochi ileile ninayotumia mimi, salio lilikuwa limekatwa mpaka likaisha na akaunti imefungwa. Ile ilikuwa bakshishi aliyoitengea ada ya shule ya mwanawe. Taarifa zilikwenda kwa barua pepe peke yake, na wagumu (wapagazi wa mlimani) wangapi wanafungua barua pepe wakati hakuna kazi? Namba zetu za simu wanazo, kwa sababu kila ukiingia wanakutumia tarakimu za kuthibitisha. Wangeshindwa nini kutuma ujumbe mfupi kabla ya kukata? Hili linaniuma kweli.

Ninachofanya mimi: masika, mlima ukiwa kimya, nabadilisha dola moja kuwa euro humohumo ndani ya programu. Zinapotea senti tu, na miezi sita inaanza kuhesabiwa upya. Msimu ukiisha natoa karibu zote kwa mkupuo ili ada ya kutoa niilipe mara moja.

Akiba yenyewe naiweka kwenye pochi ya simu ya hapa nyumbani. Makato yapo unapotuma na unapotoa, lakini sijawahi kukatwa kwa kukaa kimya, na Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inataka fedha za wateja zitunzwe kwenye akaunti maalumu za amana. Huku cha kuangalia ni laini. Namba isiyotumika muda mrefu hufungwa, kisha hupewa mtu mwingine, kwa hiyo wenye laini ya pili, itieni vocha na mpige simu mara mojamoja.

Hiyo pochi ya nje, kwa kupokea naipa nyota nne kati ya tano. Kwa kuhifadhi fedha, nyota moja. Nimewaandikia nikiomba kupokea kuhesabiwe kama muamala na onyo litumwe kwa simu. Wamejibu kwamba maoni yangu wameyapokea.