Miaka miwili ya kuchangisha vifaa vya darasa mtandaoni: uzoefu wangu

Nafundisha sayansi, na shuleni kwetu hadubini ilikuwa moja. Darasa lina wanafunzi 54. Gawa kipindi cha dakika 40 kwa idadi hiyo uone: hata dakika moja ya kuchungulia haifiki, na hapo hujamhesabu yule anayezungusha skrubu na kuwavurugia wenzake wote.

Ndipo nikajiunga na jukwaa moja la kuchangisha fedha mtandaoni. Jina naliacha. Unafungua ukurasa, unaweka picha na maelezo, unasambaza kiungo, watu wanachanga.

Ombi langu la kwanza nililiita "Tusaidie kuboresha maabara yetu". Liliambulia wachangiaji wanne, watatu wakiwa ndugu zangu. Nikasema watu siku hizi ni wagumu. Kumbe mgumu ni mimi. Nilikuja kulielewa hilo nilipokaa jioni moja kusoma maombi ya walimu kwenye DonorsChoose, huduma iliyoanzishwa mwaka 2000 na Charles Best, aliyekuwa mwalimu huko Bronx, New York. Ni ya shule za umma za Marekani, kwa hiyo sisi wengine hatuwezi kuomba pale, lakini kusoma hakuna anayekuzuia. Mwalimu pale hapewi hela mkononi. Anaorodhesha vitu, kila kimoja na idadi yake, na huduma yenyewe inanunua na kutuma shuleni. Anayechanga anajua mchango wake umegeuka kuwa kitu gani. Niliporudi kwenye ukurasa wangu nikaona aibu. "Kuboresha maabara" ndiyo nini hasa?

Ombi la pili likawa fupi: hadubini tano, kwa mada ya seli, muhula ujao. Picha ya jengo la shule nikaitoa, nikaweka ya vichwa vitatu vimegongana juu ya lenzi moja, imepigwa kutoka juu. Sura hazionekani, na nilifanya hivyo makusudi. Ni watoto wa watu, na wazazi hawakuwa wameridhia picha zao zizagae.

Siku ya tatu mchangiaji mmoja akaniandikia: "Mwalimu, unazijua Foldscope?" Sikuzijua. Ni hadubini ya karatasi ngumu unayoikunja mwenyewe, ilibuniwa katika maabara ya Manu Prakash, Chuo Kikuu cha Stanford, na inakuza mara 140. Haishindani na hadubini ya maabara, na mkono ukitetemeka picha inakimbia. Lakini badala ya hadubini tano ningepata 27, yaani moja kwa kila watoto wawili, na bado lengo likashuka. Nikaomba radhi kwa waliokwisha kuchanga, nikabadilisha ombi. Lilijaa kabla ya siku ya mwisho.

Sasa malalamiko. Jukwaa lilikata asilimia yake, kisha kukawa na makato ya kutuma fedha. Mimi nilikuwa nimeweka lengo sawasawa na bei ya vifaa, kwa hiyo pengo nililiziba kwa mshahara wangu. Makato yalikuwa yameandikwa, sikatai, ila chini kabisa, kwa maandishi ya kuchosha macho. La pili ni langu mwenyewe: fedha ziliingia kwenye akaunti yangu binafsi. Mkuu wa shule aliniita. "Mwalimu, hizi hela zimeingia kwa jina la nani?" Hakuniambia neno baya, lakini nilitoka ofisini jasho likinitiririka. Wiki nzima nikawa natafuta risiti. Siku hizi naanza kwake, naandika barua, na akaunti inakuwa ya shule.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua baadaye. Nusu ya vitu vya lile ombi la kwanza ni vya bure. Nilikuwa nimeweka humo vifaa vya saketi za umeme, wakati tovuti ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio hayo kwenye skrini, na mwanafunzi akiunganisha vibaya haunguzi kitu. Vitabu vya hadithi kwa madarasa ya chini vipo kwenye tovuti ya African Storybook, vingi kwa Kiswahili, na leseni yake inaruhusu kuchapa na hata kutafsiri. Intaneti yetu ni ya kubahatisha, kwa hiyo natumia Kolibri, programu ya kusomea bila intaneti: unapakua masomo mara moja mahali penye mtandao mzuri, unabeba kompyuta hadi darasani, na watoto wanaunganisha simu au tableti kwa ruta bila kutumia bando. Kupakua kulinimalizia usiku mzima. Sijutii.

Nikiambiwa nikipe kila kimoja nyota kati ya tano, Kolibri inazichukua zote. Jukwaa la michango nalipatia tatu, na moja kati ya hizo ni ya yule aliyenitajia Foldscope.

Siku ya kwanza tulitazama ngozi ya kitunguu. Kukunja peke yake kulikula kipindi kizima na nusu ya cha mwenzangu wa hisabati, aliyesimama mlangoni na chaki yake akingoja, kisha akaingia naye akaomba kuchungulia. Kati ya zile 27 zimebaki 22. Tatu zililowa. Mbili zimeenda nyumbani na watoto, na sijaziulizia.